Vipimo Vinasema Ugonjwa Umetulia, Mikono Yangu Inawaka Moto

BARUA

Shikamoo mama mshauri.

Mimi ni mama wa miaka 46, msusi hapa Tanga. Naomba usitaje jina langu wala mtaa wangu, kwa sababu wateja wangu wanasoma safu hii, na wengine huisoma wakiwa wamekaa kwenye kiti changu.

Nina baridi yabisi. Sisemi ile ya watu kulalamika kwamba baridi imewaingia mifupani. Nasema ugonjwa wenyewe, uliopimwa kwa damu na picha katika hospitali kubwa. Ulianza kwa vidole kuvimba na kukakamaa asubuhi, nikawa nashindwa kumfunga mwanangu vifungo vya sare mpaka jua limepanda. Nikaandikiwa methotreksati, nameza kila Ijumaa, na vidonge vya asidi ya foliki siku nyingine. Ilichukua miezi, lakini ilinisaidia. Vidole vilishuka, nikarudi kusuka rasta na twende kilioni kama zamani, nikasema alhamdulillahi, yamekwisha.

Tangu mwaka jana yamekuja mengine. Usiku dole gumba na vidole viwili vinavyofuata vinakufa ganzi, halafu vinaanza kuwaka. Naamka, nakaa kitandani, nakung'uta mikono mpaka vipoe. Mchana nikisuka kichwa kimoja kwa saa nyingi, vidole havijui tena vimeshika nini. Kichana kinanidondoka mbele ya mteja, nacheka, nasema leo nimeamka vibaya. Jioni nyayo nazo zinachoma, na shuka ikizigusa nashtuka. Haya si maumivu yale ya mwanzo. Yale yalikuwa mazito, ya ndani ya kiungo. Haya ni ya kuungua na ya umeme.

Nilimweleza daktari wangu. Akabonyeza viungo kimoja kimoja, akasoma majibu ya damu, akafurahi sana. Akasema, "Mama, ugonjwa umetulia." Nikarudi nyumbani na furaha yake, si yangu.

Kliniki iliyofuata nilikutana na daktari mwingine, kijana. Huyo alinisikiliza, akanigusagusa vidole kwa pamba, akasema hizi ni neva, yaani mishipa ya fahamu. Akaniandikia vidonge vidogo vya kumeza usiku, amitriptilini, na akasema mikono isipopata nafuu huenda nikahitaji upasuaji mdogo wa kifundo. Binti yangu wa kidato cha pili akaitafuta dawa kwenye simu, akasoma kwa sauti: "Mama, hii ni dawa ya sonona." Baba yake alikuwa sebuleni. Hakugomba. Alisema tu, "Kumbe wamekuona una matatizo ya akili. Ndiyo maana vipimo havionyeshi kitu." Tangu siku hiyo nikiamka usiku yeye hugeukia ukutani. Vidonge viko kabatini, sijameza hata kimoja.

Sasa wifi yangu, ambaye ananipenda kweli, ameniletea habari za mzee mmoja mwenye dawa ya unga. Anasema kuna mama alikuwa hatembei, akaitumia wiki moja, leo anapanda milima. Sharti la mzee ni moja: niache kwanza dawa zote za hospitali, eti zinagombana na yake. Mume wangu anaona tujaribu. Mama yangu mzazi anasema nisome dua na nipunguze mawazo.

Na huo upasuaji ndio unaonitia hofu kuliko yote. Mikono hii ndiyo duka langu. Ikikatwa vibaya nitakula nini?

Nimeze dawa ya sonona wakati sina sonona? Nikubali kisu? Nimfuate wifi? Au ni kweli ni mawazo? Maana usiku wa manane, nikiwa peke yangu gizani, kuna wakati najiuliza kama si mimi mwenyewe ninayeyatengeneza maumivu haya.

Msusi, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole sana.

Nianze na sentensi yako ya mwisho, kwa sababu imenisumbua kuliko zote. Unajiuliza kama unayatengeneza. Mimi kabla ya kazi hii ya ushauri nilikuwa muuguzi, na nilipoisoma barua yako kuna kitu kilinishika: umeandika "dole gumba na vidole viwili vinavyofuata." Kidole cha mwisho hukukitaja. Mtu anayejitungia maumivu husema mkono wote unauma. Wewe umetaja vidole vilevile ambavyo daktari angetarajia uvitaje, na umeongeza kwamba huamka usiku ukavikung'uta. Hukujua kwamba unatoa ushahidi, na ndiyo maana naupa uzito.

Nikueleze kwa nini. Kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba. Chini na pembeni yake ni vifupa, na juu ni utepe mgumu usiotanuka. Ndani yake hupita kano 9 za kukunja vidole, pamoja na neva moja. Neva hiyo ndiyo inayohudumia dole gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kile cha pete. Kidole cha mwisho kina neva yake, na hiyo hupita njia nyingine. Baridi yabisi ina tabia ya kuvimbisha utando laini unaozizunguka kano hizo. Haihitaji uvimbe mkubwa wa kuonekana kwa macho. Mahali pembamba hivyo, kidogo tu kinatosha kuibana neva. Ukilala na mikono imekunjwa, njia inazidi kubana, unaamka. Ukikunja kifundo kutwa nzima juu ya kichwa cha mteja, vivyo hivyo. Tatizo hili huwapata pia watu wasio na baridi yabisi, hasa wanawake wa umri wako, wenye kisukari, wenye tezi ya shingo iliyolegea, na wajawazito.

Siwezi kukuambia kwa barua kwamba ndicho ulicho nacho. Hilo ni la daktari, kwa kukugonga kifundo, kukukunjisha mikono kwa dakika moja aone kama ganzi inakuja, na pengine kipimo cha umeme wa neva kama kinapatikana mnakotibiwa. Ninachoweza kukuambia ni kwamba maumivu yako yana ramani.

Sasa vile vipimo. Nadhani hapa ndipo nyumba yenu yote ilipojikwaa, na nawaelewa. Vipimo vya damu unavyofanyiwa kliniki, ESR na CRP, vinapima uvimbe unaoletwa na kinga ya mwili inapokosea na kuvishambulia viungo vyake yenyewe. Havipimi maumivu. Hakuna damu inayotolewa popote duniani ikaandika mtu anaumia kiasi gani. Kwa hiyo daktari wako wa kwanza alisema kweli: ugonjwa wa viungo umetulia, na ni habari njema usiyopaswa kuidharau, kwa sababu viungo vilivyokwisha kuliwa na baridi yabisi havirudi. Na wewe ulisema kweli: unaungua. Kweli hizi mbili hazipigani. Aliulizwa swali moja akajibu jingine, basi. Hutokea sana katika kliniki zenye foleni, wala simlaumu.

Miguu nataka tuitenge kidogo. Wewe umeichukua mikono na nyayo kama ugonjwa mmoja, na huenda ni mmoja, lakini huenda si mmoja. Nyayo mbili zinazochoma kwa pamoja, hasa jioni na usiku, zina orodha yake ya washukiwa. Umewahi kupewa prednisoloni kwa muda mrefu? Dawa hiyo hupandisha sukari, na sukari huharibu neva za miguu taratibu bila mtu kujua. Unakula nyama, samaki, maziwa, mayai? Upungufu wa vitamini B12 huchoma nyayo hivyohivyo. Tena kwako wewe unayemeza asidi ya foliki kuna mtego: foliki inaweza kuifanya damu ionekane nzuri huku B12 ikiwa chini na neva zinaendelea kuumia. Usiache foliki kwa kusoma hili, inakukinga na madhara ya methotreksati. Omba tu B12 ipimwe, pamoja na sukari, tezi na VVU. Sikushuku lolote, mwanangu. Ni orodha ya kawaida ambayo kila mwenye ganzi ya miguu angepaswa kupitishwa. Kama umewahi kutibiwa kifua kikuu kwa isoniazidi, au kubadilishiwa dawa ya viungo ukapewa leflunomidi, mkumbushe daktari, maana zote mbili zinaweza kugusa neva. Na baridi yabisi yenyewe, ikikaa mwilini miaka, huweza kuzidhuru neva za mbali bila kubanwa popote.

Halafu kuna hali ya tatu, ambayo wengi hawaelezwi. Mtu akiumwa viungo muda mrefu, neva na ubongo huzoea kupiga kelele. Uvimbe unakwisha, kelele zinabaki. Fikiria mbwa wa ulinzi ambaye usiku mmoja aliona mwizi kweli: mwizi keshaondoka, lakini sasa hata jani likidondoka anabweka mpaka alfajiri. Mbwa haigizi. Anabweka kweli, na mwenye nyumba halali kweli. Shuka kukugusa nyayo ukashtuka ni dalili ya aina hiyo. Hali hizi tatu zinaweza kukaa kwa mtu mmoja kwa pamoja, na ndiyo maana dawa za maumivu za kawaida, diklofenaki na ndugu zake, huwa hazifui dafu kwenye maumivu ya kuungua. Nakuomba sana usiziongeze kila zikishindwa. Zinaumiza tumbo na figo, na figo zako zinahitajika kuitoa methotreksati mwilini.

Tuje kwenye vidonge vya kabatini. Binti yako alisoma sawasawa. Amitriptilini iliingia madukani mwaka 1961 kama dawa ya sonona. Baadaye madaktari wakagundua kwamba hupunguza pia maumivu ya neva, hata kwa watu wasio na sonona, na kwa dozi ndogo zaidi. Anayetibiwa sonona kwa kawaida hufikishwa miligramu 75 hadi 150 kwa siku. Anayetibiwa neva huanzishiwa 10 au 25 usiku, ikapandishwa polepole ikibidi. Soma kwenye pakiti yako imeandikwa ngapi. Namba hiyo itakuambia daktari alikuwa anafikiria nini kuliko kitu chochote kilichosomwa sebuleni.

Sitakuficha upande wake wa pili. Haifanyi kazi kwa kila mtu. Wengine hupata nafuu ya kulala usiku kucha, wengine kidogo, wengine hawaoni tofauti. Nafuu huja baada ya wiki kadhaa, kwa hiyo anayemeza siku tatu na kuacha hajaijaribu. Hukausha mdomo, hufunga choo, na asubuhi inaweza kukuacha mzito, jambo ambalo msusi mwenye mteja wa saa mbili anapaswa kulijua. Ndiyo maana wengine hushauriwa kuimeza mapema jioni badala ya wakati wa kulala. Kama una tatizo la moyo, presha ya macho, au unatumia tramado, mwambie daktari kabla ya kuanza. Na niseme hili pia, kwa sababu nakuheshimu: utafiti wa dawa hizi kwa wagonjwa wa baridi yabisi hasa bado ni mdogo. Mengi yanayojulikana yametoka kwa wagonjwa wa kisukari na wa mkanda wa jeshi. Kwa hiyo daktari kijana hakukuahidi tiba. Alikupa jaribio lenye sababu. Zipo nyingine za kundi hili la neva, kama gabapentini, kama hii haitakufaa. Kumeza au kutokumeza ni kwako. Ila kama hutaki, rudi umwambie hutaki na kwa nini, usimwache akidhani umemeza ikashindikana.

Umeniandikia kwa nguvu kwamba huna sonona. Nakuamini. Lakini niruhusu, kama mama, niulize polepole: unalala saa ngapi? Zamani ulikuwa unafurahia nini ambacho sasa hukifanyi? Watu wenye baridi yabisi hupata sonona zaidi ya watu wengine, na sababu haihitaji elimu kubwa. Kuumia kila siku kunachosha roho. Ikitokea siku ikakupata, haitamaanisha kwamba maumivu yalikuwa ya uongo. Yote mawili hutibiwa. Tumezoea katika nyumba zetu kuigawa akili na mwili kama mashamba mawili yenye mpaka, aliye upande huu mgonjwa, aliye upande ule mwigizaji. Neva haziujui mpaka huo.

Mume wako. Umeandika kwamba hugeukia ukutani, ukaisoma hiyo kuwa ni kutokuamini. Inawezekana. Inawezekana pia ni mtu aliyefurahi kusikia "umetulia", akapumua baada ya miaka ya kukuona unashindwa na vifungo, kisha akaambiwa bado. Wanaume wengi wa rika lake hawajui la kufanya na maumivu wasiyoweza kuyapeleka gereji, kwa hiyo wanageukia ukuta. Mimi simjui, wewe unamjua. Lakini umewahi kumweleza maumivu haya mchana, mkiwa mmekaa, bila yeye kuamshwa nayo? Umewahi kumwonyesha vidole vipi, ukamwambia hiki ndiyo, hiki hapana? Sikuambii kwamba kazi ya kueleweka ni yako peke yako. Nasema tu kwamba hadi sasa anachokijua ni neno moja lililosomwa na mtoto kwenye simu. Kama anaweza kupata nafasi, mchukue kliniki, na umwache aulize mwenyewe maswali yake, hata yale ya kukuudhi. Majibu ya daktari yakipita kwako tu yatafika kwake yamechujwa, na atayatilia shaka.

Kwa wifi nitaenda haraka, lakini si kwa dharau, kwa sababu wifi anayekuhangaikia ni mali. Sina ugomvi na tiba asili. Nina ugomvi na sharti. Kuacha methotreksati si sawa na kuacha kikombe cha chai: ndani ya wiki au miezi uvimbe unaweza kurudi, na ukirudi unakula mifupa. Na unga unaomwinua mtu asiyetembea ndani ya wiki moja unanipa maswali. Katika nchi nyingi dawa za unga za viungo zimekutwa zimechanganywa na steroidi za hospitali, dawa kali za kushusha uvimbe kama deksamethasoni au prednisoloni, bila mgonjwa kuambiwa. Nafuu yake ni ya ajabu kweli. Baadaye uso hujaa, sukari hupanda, mifupa hulegea, na ukiikatiza ghafla baada ya kuizoea mwili unaweza kuzimia. Sijui kilichomo kwenye unga wa mzee huyo, na simtuhumu. Muulize kama amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na kama atakubali umwonyeshe daktari wako unga wenyewe. Angalia anavyojibu. Hata wifi unaweza kumwomba aulize kwa niaba yako, ili asione umemkataa.

Mama yako mwachie dua zake, na ziitikie. Hazizuii kidonge.

Kuhusu kisu, naona umeruka ngazi kadhaa. Kabla ya upasuaji kuna kifaa cha kuvaa usiku, cha kitambaa chenye ubao au plastiki, kinachokishika kifundo kisijikunje. Hupatikana maduka ya vifaa tiba na kwa watu wa fiziotherapia, na bei yake si ya kutisha ukilinganisha na dawa. Jaribu kuuliza habari zake kwanza. Kuna pia sindano ya steroidi inayochomwa kwenye njia ile ile iliyobana. Wengi hupata nafuu ya wiki au miezi, na ikisaidia inathibitisha kwamba tatizo liko pale. Kwenye saluni, panga vichwa virefu siku tofauti, pumzisha vifundo katikati, mpe msaidizi kuanza vile vya rasta nyembamba. Najua kusema ni rahisi, mteja amekufuata wewe.

Upasuaji wenyewe, ukifika huko, ni wa kukata ule utepe mgumu ili njia ipanuke. Mara nyingi hufanywa kwa ganzi ya mkono tu, na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kano za vidole hazikatwi. Hatari zipo: kidonda kuchafuka, kovu linalouma, mara chache neva kujeruhiwa, na nguvu ya kubana kiganjani hurudi baada ya wiki na hata miezi. Hizo hesabu ni lazima uzifanye, wewe unayeishi kwa vidole. Ila kusubiri nako kuna hesabu yake, na wenye hofu huisahau. Neva iliyobanwa muda mrefu sana hufika mahali haiamki tena vizuri hata ikifunguliwa, na nyama ile nono ya chini ya dole gumba hunywea. Itazame leo, mkono kwa mkono. Ikiwa imeanza kubonyea, au kichana kinadondoka mara nyingi kuliko mwezi uliopita, usingoje tarehe ya kliniki.

Kuna mengine ambayo hayangoji kabisa. Baridi yabisi inaweza kulegeza pingili mbili za juu kabisa za shingo. Ukiinamisha kichwa ukahisi umeme unashuka mgongoni, miguu ikaanza kuyumba, mikono yote miwili ikakosa nguvu, au mkojo ukakataa au ukakutoka bila wewe kutaka, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vilevile mguu ukianguka ghafla usiweze kunyanyua vidole, au ngozi ikatoka madoa ya zambarau na vidonda pamoja na ganzi. Na kwa kuwa unafanya kazi saluni, tafadhali, usimruhusu kinyozi wa jirani wala mkandaji yeyote akuvunje shingo ikalia ko. Kwa wengine ni raha yao. Kwa mwenye ugonjwa wako si mchezo. Ukifanyiwa upasuaji wowote wa kulazwa usingizi, mwambie mtoa usingizi mapema kwamba una baridi yabisi, apate kuiangalia shingo kwanza.

Kliniki ijayo usingoje uulizwe "viungo vinaendeleaje?", maana utajibu vizuri, na ni kweli viko vizuri, na mazungumzo yatakwisha. Anza wewe. Sema: "Viungo havijambo, leo nimekuja kwa ganzi na kuungua." Nenda umeandika kwenye karatasi vidole vipi, saa ngapi, nini kinapunguza, na dawa zote unazomeza pamoja na ambazo hukumeza. Muulize mambo haya kwa uwazi: ni neva iliyobanwa kifundoni, ni neva za miguu, au ni mwili uliozoea kuumia? Tunapima nini kwanza? Tukijaribu kifaa cha usiku na dawa, tunaangalia baada ya muda gani, na dalili gani itatuambia tusisubiri zaidi?

Na mkifika kwenye kisu, uliza kama wanaweza kuanza na mkono mmoja, ule usioshikia kichana, na uwaombe tarehe inayoendana na kalenda ya saluni. Wewe ndiye unayejua Ramadhani viti vinakaa vitupu mpaka lini, na msimu wa harusi unaanza lini.